Shibe Isiyojaa: Kosa la Mhariri Mmoja katika Istilahi za Udhibiti wa Mtiririko wa Data

1. Utangulizi

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikifundisha isimu ya Kiswahili, na katika sehemu kubwa ya muda huo nimewaambia wanafunzi wangu kwamba kazi ya kuunda istilahi ni ya mwanaisimu kwanza na ya mtaalamu wa fani baadaye. Hoja yangu ilikuwa nyepesi. Mtaalamu wa fani anakijua kitu, lakini mara nyingi hana habari ya ngeli, ya unyambulishaji, wala ya historia ya neno analolitumia. Akiachwa peke yake atachukua neno la mtaani, au atalitohoa neno la Kiingereza kama alivyolisikia, na kesho yake tutakuwa na maneno matatu kwa kitu kimoja. Mfano wa kompyuta, ngamizi na tarakilishi tumeutumia sote madarasani hata umechakaa.

Katika makala haya nakusudia kueleza tukio moja lililonifanya niipunguze imani hiyo. Sidai kwamba tukio moja linatosha kuzaa nadharia. Ni maelezo ya kosa nililolifanya mimi mwenyewe nilipokuwa mhariri wa lugha wa kijitabu cha mafunzo ya ufundi wa mitambo ya simu, kosa ambalo liliwagharimu vijana wasiohusika nalo. Nimeona ni wajibu kuliandika kwa sababu mbili. Kwanza, sisi tushughulikao na istilahi huandika sana juu ya maneno yaliyokubalika na yaliyokataliwa, lakini ni nadra kuandika juu ya maneno yaliyoleta hasara. Pili, uwanja wenyewe, yaani jinsi chipu za mitambo ya simu zinavyojulishana lini data zitumwe na lini zisubiri, haujazungumzwa mara nyingi kwa Kiswahili, ilhali kila mazungumzo ya simu na kila ujumbe tunaoutuma hupita katika mitambo ya aina hiyo.

Itanibidi nianze kwa kukieleza kitu chenyewe. Namwomba msomaji wa isimu anivumilie, kwa maana kosa langu halitaeleweka bila ya kitu hicho kueleweka. Nami, laiti ningalijivumilisha hivyo hivyo mwaka 2022, makala haya yasingelikuwapo.

2. Bafa na haja ya kudhibiti mtiririko

Data zinazopita katika mtambo wa simu au wa intaneti husafiri katika vifungu viitwavyo pakiti. Ndani ya mtambo, pakiti hutoka chipu moja kwenda nyingine. Chipu moja hushughulika na nyuzi za kioo zinazoingia na kutoka. Nyingine husoma anwani za pakiti na kuamua kila moja iende wapi. Mahali chipu mbili zinapokutana na kupeana data huitwa kiolesura.

Chipu hizo mbili haziendi kwa mwendo ulio sawa kila wakati. Inayopokea inaweza kuwa imeshikwa na kazi nyingine, au njia inayotoka kwake inaweza kuwa nyembamba kuliko inayoingia. Kwa sababu hiyo hutengewa mahali pa kuziweka data kwa muda mfupi kabla ya kuzipeleka mbele, na mahali hapo mafundi hupaita bafa. Bafa ikijaa na data zikaendelea kuja, zinazozidi hupotea. Kiolesura chenyewe hakizirudishi. Zitarudishwa, kama zitarudishwa, na taratibu nyingine zilizo mbali, na kwa kuchelewa. Upande wa pili, bafa ya chipu inayopeleka data kwenye nyuzi ikikauka katikati ya pakiti, hukosekana cha kupeleka na pakiti hiyo huweza kuharibika. Kazi yote ya udhibiti wa mtiririko, basi, ni kuizuia bafa isijae wala isikauke.

Inafaa hapa kutenganisha mambo mawili ambayo hata wasemaji wa Kiingereza huyachanganya. Udhibiti wa mtiririko humlinda mpokeaji: humzuia mtumaji asimzidi yule anayepokea. Udhibiti wa msongamano huilinda njia iliyo baina yao, ambayo hutumiwa na wengi. Mfano unaotajwa sana wa jambo la pili ni ule wa Oktoba 1986 huko California, ambapo mawasiliano baina ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha Berkeley, sehemu zilizoachana kwa yadi 400 tu, yalianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Van Jacobson alilichunguza tatizo hilo, na makala yake ya mwaka 1988 yalileta utaratibu ambao intaneti imeutegemea tangu hapo. Mimi nitabaki katika jambo la kwanza.

Kiolesura kilichokuwa katika kijitabu chetu kinaitwa SPI-4.2. Kanuni zake zilitolewa na jumuiya ya makampuni iitwayo Optical Internetworking Forum mwaka 2001, kwa ajili ya mitambo ya kasi ya biti bilioni 10 kwa sekunde. Leo mitambo mipya hutumia violesura vingine, lakini mwalimu wa kozi ile alikichagua kwa kuwa kanuni zake zinasomeka, na kila hatua yake inaweza kuonekana na mwanachuo anayeanza. Data husafiri upande mmoja katika jozi 16 za nyaya, na upande wa kinyume hupita njia nyembamba sana yenye biti mbili tu, iitwayo njia ya hali. Katika njia hiyo mpokeaji humweleza mtumaji hali ya bafa ya kila mlango. Milango inaweza kufikia 256, na hali zake hutajwa kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio uliokubaliwa tangu mwanzo.

Biti mbili hutoa alama nne. Alama 00 husema kwamba bafa ya mlango huo iko hoi kwa njaa. Alama 01 husema ina njaa. Alama 10 husema imeshiba. Alama 11 haitaji hali ya mlango wowote. Hutumika kuonyesha mwanzo wa mzunguko, na ikirudiwa mfululizo maana yake ni kwamba pande mbili zimepoteana, hivyo mtumaji aache data na kutuma ruwaza ya kuwaweka sawa tena. Maneno ya njaa na shibe sikuyatia mimi. Yamo katika Kiingereza cha kanuni zenyewe, na wahandisi wa Kimarekani huyasoma bila ya kucheka.

Kila hali ina matokeo yake. Data huhesabiwa kwa mafungu ya baiti 16. Mtumaji akisikia kwamba mlango uko hoi, anapata ruhusa ya kutuma hadi kikomo cha kwanza. Akisikia una njaa, anapata ruhusa ya hadi kikomo cha pili, ambacho hakizidi kile cha kwanza. Ruhusa hizi hazijumlishwi: njaa ikitajwa mara kumi mtumaji hana ruhusa kumi, bali ana kikomo hicho au salio alilokuwa nalo, lolote lililo kubwa. Na akisikia mlango umeshiba, hapati ruhusa mpya. Lakini salio la ruhusa aliyokwisha kupewa ni lake, naye anaweza kulitumia lote. Msomaji ailinde sentensi hiyo ya mwisho, kwa kuwa ndiyo niliyoiharibu.

3. Uhariri wangu

Kijitabu kiliandikwa na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, ambaye ni mhandisi na alikuwa akifundisha katika chuo kimoja cha ufundi. Wanachuo wake walikuwa wakisoma maelezo ya Kiingereza na kuyakariri bila ya kuyaelewa, naye akaamua kuwaandikia kurasa sitini za Kiswahili. Alinijia na rasimu akaniambia, "Mjomba, mimi nimeandika kama ninavyosema darasani. Naomba unitilie Kiswahili cha kitabuni." Nilifurahi sana, na nikaichukua kazi ile kwa bidii ambayo sasa naiona ilikuwa na majivuno ndani yake.

Mambo mengi niliyosahihisha yalistahili kusahihishwa. Alikuwa ameandika "data inaenda" katika ukurasa mmoja na "data zinaenda" katika ukurasa wa pili. Alikuwa na maneno manne kwa kitu kimoja. Lakini nilipofika kwenye sura ya hali za bafa nilikuta ameandika HOI, NJAA na SHIBE, na chini yake sentensi hii: "Bafa ikisema imeshiba, usidhani imejaa." Nikapiga mstari juu ya yote. Pembeni niliandika kwa wino mwekundu kwamba istilahi ya kitaalamu haina tumbo.

Nilijaribu kwanza "imeridhika" mahali pa "imeshiba", lakini kuridhika ni jambo la moyo na halikunipendeza katika chipu. Ndipo nikajiuliza swali ambalo niliamini ni la kiisimu: maneno haya matatu yana kazi gani? Nikajijibu kwamba kazi yake ni kumwelekeza mtumaji. Basi kwa nini tusimwelekeze moja kwa moja? Nikaandika TUMA SANA, TUMA KIDOGO na SIMAMA. Yalikuwa mafupi, yalikuwa ya Kibantu, na kila mtu angeyaelewa bila ya kufafanuliwa. Ile sentensi ya kwamba shibe si kujaa niliifuta, kwa kuwa neno shibe halikuwapo tena. Kile kifungu cha salio la ruhusa nilikifupisha kikawa: "Akiamriwa SIMAMA, mtumaji hapewi ruhusa nyingine." Hakukuwa na uongo katika sentensi hiyo. Kilichokosekana ni salio.

Mpwa wangu aliisoma rasimu iliyohaririwa, akanishukuru, akaipeleka kuchapwa. Nilipoona hakusema neno nilichukulia kwamba ameridhika.

4. Kilichotokea darasani

Mwishoni mwa muhula wanachuo walipewa kazi ya kubuni saketi ya upande wa mpokeaji na kuijaribu kwa programu ya uigaji katika kompyuta. Kipimo cha kufaulu kilikuwa kimoja: mlango mmoja usukumiwe data kwa kasi yote, upande wa kutolea uzibwe ghafla, na pasipotee hata baiti moja. Kazi ilifanywa kwa makundi, na matokeo yake yaliingia katika alama za mwisho.

Kundi moja la vijana wanne lilitengeneza bafa yenye mafungu 64, yaani baiti 1,024. Alama ya kutangaza SIMAMA waliiweka kwenye fungu la 60. Waliona mafungu manne yanatosha kuwa akiba. Uigaji ulipoendeshwa, data zilipotea. Makundi mengine mawili yaliweka alama zao mahali tofauti kidogo, nayo yakapoteza data vile vile.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kwa kasi ya biti bilioni 10 kwa sekunde, baiti moja na robo huingia katika kila nanosekunde. Tuchukue kwamba tangu bafa ifikie alama ya shibe hadi mtumaji apate habari na kuifanyia kazi hupita nanosekunde 200, kwa kuwa hali za milango hutajwa kwa zamu na kila kituo kina ucheleweshaji wake. Katika muda huo baiti 250 zimekwisha ingia, nazo huchukua mafungu 16. Ongeza salio. Kabla ya shibe mlango ulikuwa katika hali ya njaa, na ikiwa kikomo cha pili ni mafungu 8, mtumaji anaweza kuwa na ruhusa ya mafungu 8 ambayo hajaigusa. Jumla ni mafungu 24. Alama ya shibe ilipaswa kuwekwa kwenye fungu la 40. Vijana wale waliacha nafasi ya mafungu 4, na mafungu 20, sawa na baiti 320, yakawa hayana pa kwenda.

Nilipata habari hizi kwa bahati tu. Nilikwenda chuoni pale kwa shughuli nyingine, nikapita darasani kwa mpwa wangu kumjulia hali. Alinijulisha kwa wanachuo kuwa ndiye mhariri wa kijitabu. Binti mmoja wa kundi lile la watu wanne alisimama, akanipa shikamoo, kisha akasema kwa adabu: "Mwalimu, kwenye kitabu imeandikwa simama. Sisi tuliamini atasimama."

Sikuwa na jibu. Nilikichukua kijitabu mezani pake nikausoma ukurasa ule kana kwamba umeandikwa na mtu mwingine. Mpwa wangu alitazama dirishani. Tulipotoka nje nilimuuliza kama alijua tangu mwanzo kuwa neno langu lina kasoro. Alisita, kisha akasema, "Mjomba, ulikuwa umeshaandika kwa wino mwekundu." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alijaribu kuwaeleza wanachuo kwa mdomo, lakini siku ya kazi ya vitendo mtu hufuata kilichoandikwa.

Jawabu hilo lilinichoma kuliko lile la binti. Kijana huyu nilimfundisha kusoma nikiwa likizoni kwa mama yake. Katika mwezi mzima wa kuhariri nilimtumia masahihisho kwa mafungu, kurasa kumi leo, kurasa kumi kesho, na kila mara alijibu "Ahsante, Mjomba." Heshima ya kwetu haimpi mpwa neno jepesi la kumwambia mjomba wake kwamba amekosea. Niliyapokea maneno yake ya shukrani kama ndiyo habari yote.

5. Taarifa na amri

Baada ya hapo nililiangalia upya kosa langu kwa macho ya taaluma yangu. Jambo la kwanza lililodhihirika ni kwamba nilibadili dhamira ya kitenzi. Alama za SPI-4.2 ni taarifa. Mpokeaji anasema yeye yu katika hali gani, na mtumaji, kwa mujibu wa makubaliano waliyoyafanya kabla, ndiye anayekata shauri la kutuma. Mimi nilizigeuza taarifa tatu kuwa amri tatu. Amri humhusu anayeamriwa na kitendo chake, na haituelezi lolote juu ya hali ya anayeamuru. Anayesoma SIMAMA hana sababu ya kujiuliza ndani ya bafa kumebaki nafasi kiasi gani. Aidha, TUMA SANA humwamuru mtumaji atume hata kama hana kitu, jambo ambalo kanuni hazikulikusudia kamwe.

Sisemi kwamba amri hazina nafasi katika mawasiliano ya mitambo. Zipo. Katika utaratibu wa zamani wa alama za XON na XOFF mpokeaji humwambia mtumaji aendelee au aache. Katika Etheneti, kiwango cha IEEE 802.3x cha mwaka 1997 kiliweka ujumbe maalumu wa kumtaka mtumaji asubiri kwa muda unaotajwa ndani ya ujumbe huo. Kiolesura cha Interlaken, ambacho kilibuniwa na kampuni za Cisco na Cortina baada ya SPI-4.2, huutumia kila mkondo biti moja tu, endelea au simama. Huko neno langu lingefaa, ingawa hata huko data zilizo njiani huhitaji mahali pa kutua. Kosa lilikuwa kukipa kitu kinachoeleza hali sarufi ya kitu kinachoamuru.

Jambo la pili ni la njeo na hali. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huambiwa kwamba kiambishi -me- huonyesha tendo lililokwisha timia. Kisha huonyeshwa vitenzi kama lala, simama, choka na shiba, ambavyo vikiambatana na -me- hueleza hali iliyopo sasa: amelala ni mtu aliye usingizini wakati huu. "Nimeshiba" ni ya kundi hili. Njaa, kwa upande wake, ni nomino: mtu ana njaa au anaona njaa. Kiswahili kimeitenga njaa kama kitu mtu alicho nacho, na shibe kama hali mtu aliyoiingia. Mpwa wangu alipoandika NJAA na SHIBE alikuwa ameufuata mgawanyo huo bila ya kuutafuta.

Lakini je, "ameshiba" haina maana ya kujaa? Hapa ndipo nilipodhani nina hoja, nami nikaipoteza kwa kukumbuka nyumbani. Nimelelewa na bibi yangu huko Pangani. Tulikula kwenye sinia, na wageni hawakukosekana. Bibi alitufundisha kwamba mtu akialikwa chakula haungoji mpaka ashindwe kumeza ndipo aseme ameshiba. Aseme mapema, kwa sababu mwenyeji atamwongeza tena hata hivyo, upawa wa wali umekwisha inuliwa, na kuukataa ulio hewani ni kumvunjia heshima. "Sema nimeshiba nawe una nafasi ya upawa mmoja," alituambia. Mgeni aliyelijua hilo alisema nimeshiba, akapokea upawa uliokuwa njiani, akaula, na hapakumwagika kitu. Asiyelijua alingoja ajae, kisha akahangaika na wali asiouweza.

Hiyo ndiyo maana halisi ya alama 10. Haisemi kwamba bafa imejaa. Inasema imekaribia kujaa, na kwamba imejiwekea nafasi ya kilichomo njiani na cha ruhusa iliyokwisha kutolewa. Wazungumzaji wa Kiswahili wa pwani, na bila shaka wa bara pia, wamekuwa wakilitumia neno shibe kwa namna hiyo tangu zamani, na mhandisi asiyejua nadharia yoyote ya vitendo vya usemi alilisikia sawasawa. Sentensi yake niliyoifuta, kwamba bafa ikisema imeshiba usidhani imejaa, ilikuwa fasili bora kuliko zote zilizokuwamo kitabuni. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Katika kiolesura hiki mambo ni kinyume: mtumaji hana budi kuijua njaa na shibe ya mwenziwe, na hana njia nyingine ya kuijua ila kwa kuambiwa.

6. Hitimisho

Yaliyowezekana kurekebishwa yalirekebishwa. Niliandika barua kwa uongozi wa chuo nikieleza kwamba kosa la ukurasa ule ni langu, na si la mwalimu wala la wanachuo. Karatasi ya masahihisho ilichapwa na kubandikwa katika kila nakala, nayo inarudisha HOI, NJAA na SHIBE pamoja na sentensi niliyoifuta. Makundi yote matatu yalipewa nafasi ya kurudia kazi, nayo yalifaulu. Hata hivyo, mmoja wa wale vijana wanne alikuwa amekwisha ondoka chuoni kabla ya barua yangu kufika, na hakurudi. Sijui kama angebaki laiti alama zake zingekuwa nyingine. Najua tu kwamba ukurasa ule haukumsaidia.

Kutokana na tukio hili napendekeza mambo matatu kwa wenzangu. La kwanza, istilahi ya utaratibu wa kazi isichapwe kabla haijajaribiwa na watu watakaoitumia, tena katika kazi yenyewe. Kuisoma kwa sauti katika kikao cha kamati hakutoshi. La pili, mfasiri aihifadhi dhamira ya kitenzi. Akikuta taarifa aiache iwe taarifa, na akidhani amri itaeleweka upesi zaidi, ajiulize ni habari gani itapotea. La tatu, mhariri ahakikishe kwamba kuna njia ya kurudishia habari kutoka kwa anayehaririwa, hasa pale umri, cheo au udugu unapoifanya njia hiyo kuwa nyembamba. Anayeshika kalamu nyekundu ndiye mwenye wajibu wa kuuliza, wala asingoje kuambiwa.

Mimi na mpwa wangu sasa tunaandaa toleo la pili. Nimemwomba aandike ukingoni kila mahali asipokubaliana nami, na kwamba sitaipokea sura isiyo na alama yoyote ukingoni. Katika sura ya kwanza aliyoirudisha ameandika mara nne. Mara tatu alikuwa na haki. Ya nne ni juu ya neno bafa, ambalo mimi ningependa liwe kihifadhi, na juu yake bado tunabishana.